Elizabeth Robins aliacha steji, au alihama nayo?

Msomaji mmoja, dada anayeigiza kwenye kikundi cha maigizo ya jukwaani, kaniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Nimesoma kuhusu Elizabeth Robins, yule Mmarekani aliyekuwa anaigiza London enzi za Ibsen, yule mwandishi wa michezo wa Norway, wanasema alikuwa staa halafu kwenye miaka 40 akaacha steji akawa mwandishi. Mimi sielewi, mtu anaachaje kazi akiwa juu? Aliishiwa, au kuandika kulikuwa na hela zaidi? Na kwanini alitumia jina la kiume? Nauliza kwasababu na mimi nina madaftari yangu nimeyaficha chini ya godoro."

Marahaba mdogo wangu. Hayo madaftari ya chini ya godoro ndo yamenifanya nikae chini nikujibu kwa kirefu, maana Robins na yeye alikuwa na ya kwake, na ukimfuata kwa madaftari yake badala ya kumfuata kwa mabango ya ukumbini unakuta habari nyingine kabisa. Huyu mama hakuamka siku moja akatupa kanga za steji akashika kalamu. Alikuwa anaandika miaka yote ile ya kuigiza, kimya kimya, na watu aliokuwa anafanya nao kazi wengi hawakujua. Kwahiyo swali lako mimi naligeuza kidogo: steji ilimkosea nini mpaka kalamu ikashinda? Hapo ndo penye utamu, na hapo ndo nitakaa zaidi.

Ila kwanza ujue ametokea wapi, tupite haraka. Kazaliwa Louisville, Kentucky, mwaka 1862. Baba yake mambo ya pesa yakamwendea kombo, mama yake akaugua akili na baadaye akawekwa hospitali ya wagonjwa wa akili, na binti akakulia kwa bibi yake mzaa baba huko Zanesville, Ohio. Baba alitaka binti asomee udaktari. Kitu cha kawaida tu, mzazi na ndoto yake. Binti akataka steji, na enzi zile msichana wa familia ya heshima kusema anaenda kuigiza ilikuwa kama kutangaza anaenda kupotea, basi akaenda New York hajafikisha hata miaka ishirini, akaanza kuigiza kwa jina la Claire Raimond. Raimond limetoka kwa mdogo wake wa kiume aliyempenda sana, Raymond. Hilo jina lishike, tutalirudia.

Akazunguka na kundi la James O'Neill, baba yake Eugene O'Neill, yule mwandishi wa tamthilia ambaye wewe lazima umemsoma, kwenye ule mchezo wa Monte Cristo ambao yule mzee aliuigiza maisha yake yote mpaka ukamchosha. Halafu akaingia Boston Museum, na usidanganyike na jina, pale palikuwa na kampuni ya maigizo, kila siku unajifunza pati mpya, leo mjakazi kesho malkia. Pale akapata mume, mwigizaji mwenzake George Parks, wakaoana 1885. Ndoa ikawa na shida ambayo nadhani unaifahamu kwa watu wa fani hiyo: mke anapanda, mume habadiliki. Mwaka 1887 Parks akajitosa mto Charles pale Boston amevaa deraya ya steji, ile nguo ya chuma ya kuigizia wanajeshi wa zamani, ili uzito umzamishe.

Mwanamke ana miaka 24. Hakuolewa tena mpaka anakufa, na haikuwa kwa kukosa wachumba. Mimi nikisoma maisha yake yote yaliyofuata naona ile deraya ipo mahali, yani kila mara mwanaume anapomwambia "njoo kwangu nitakushikia mambo yako" yeye anarudi hatua moja nyuma. Hayo ni maoni yangu, huwezi kuyathibitisha, lakini tembea nayo uone.

Mwaka uliofuata akaenda Norway na rafiki yake Sara Bull, mjane wa yule mpiga fidla maarufu Ole Bull, na wakati wa kurudi akapitia London. Apitie tu. Akabaki Uingereza maisha yake yote, ukiacha safari za hapa na pale.

Sasa London ya 1888. Hapa naomba uvute kiti maana usipoelewa jinsi kazi ilivyokuwa inaendeshwa hutaelewa kwanini aliondoka. Kumbi kubwa za London zilikuwa chini ya waigizaji wanaume waliokuwa pia ndo mabosi. Jamaa anakodi ukumbi, yeye ndo staa, yeye ndo dairekta, yeye ndo anachagua mchezo, yeye ndo anaajiri na kufukuza. Henry Irving pale Lyceum, Beerbohm Tree pale Haymarket, na baadaye kidogo George Alexander pale St James's. Sasa mtu kama huyo akisoma skripti anatafuta nini? Anatafuta pati yake! Mwanamke kwenye huo mchezo yupo ili staa apate wa kumpenda, wa kumsamehe au wa kumlilia. Ukiwa mwanamke una mawili, uwe mke au mpenzi wa bosi, au usubiri. Robins alisubiri. Tree alimpa ahadi, ahadi zikawa za jana na kesho, mwandishi Oscar Wilde alikuwa anampa moyo na ushauri, lakini pati za maana haziji. Vikazi vya kushika nafasi ya mtu aliyeugua, vikazi vya onyesho moja la mchana, basi.

Halafu 1889 akaenda kuangalia mchezo wa Ibsen, A Doll's House, ule wa Nora, Janet Achurch akiigiza. Kilichomshangaza ni kwamba ilikuwa kama hawaigizi, ni kama umechungulia nyumba ya mtu. Na katikati ya ile nyumba yuko mwanamke mwenye akili zake, mwenye makosa yake, anayeamua. Sio mapambo. Kwa mtu aliyekuwa anasubiri Tree atimize ahadi hiyo ilikuwa sawa na mtu aliyezoea kula makoko akaonyeshwa sufuria.

Ndo yeye na mwenzake Marion Lea, naye Mmarekani, wakaamua kufanya Hedda Gabler, mchezo mwingine wa Ibsen. Wakapeleka skripti kwa mabosi. Majibu ya mabosi Robins mwenyewe aliyasimulia baadaye, na mpaka leo yananichekesha na kunikera kwa pamoja: mmoja anauliza, sasa pati yangu iko wapi hapa? Mwingine anasema huu ni mchezo wa mwanamke, tena mchezo mbaya. Sawa. Wakaamua wafanye wenyewe. Wakatafuta vitu vyao vya thamani wakaviweka dhamana, wakapata kama paundi 300, wakakodi Vaudeville Theatre kwa maonyesho ya mchana. Onyesho la kwanza tarehe 20 Aprili 1891, Robins ndo Hedda, Lea ndo Thea. Tafsiri ilikuwa imetoka kwa Edmund Gosse lakini ilikuwa ngumu mdomoni, wakaifumua na kuisuka upya wakisaidiwa na mhakiki William Archer. Hapo nataka uangalie kwa makini. Siku nyingi mezani, mwigizaji anachukua sentensi, anaisema kwa sauti, inagoma, anaikata, anaibadilisha, anaisema tena. Hiyo inaitwaje kama sio kuandika? Na alikuwa ameshaanza kujifunza Kinorwe ili asidanganywe na tafsiri.

Wahakiki wengine walitapika, wakasema mchezo ni uchafu. Lakini uigizaji wake hata maadui walikubali, na mchezo ukahamishwa ukawekwa jioni, muda wa watu wanaolipa. Mabosi sasa wakamtaka. Wamtake kwa pati gani? Zile zile za zamani. Ameshaonja Hedda unampa awe binti anayezimia!

Miaka iliyofuata aliifanya kwa staili hiyo hiyo, na sio kwa kusubiri kuitwa. Mwishoni mwa 1892 Ibsen alikuwa anamalizia The Master Builder, na kurasa zilikuwa zinakuja London kidogo kidogo kwa posta kadri zinavyochapwa huko, leo kurasa chache, wiki ijayo chache, na Robins alikuwa anazisoma kwa Kinorwe hajui hata yule binti Hilda atafika wapi. Fikiria wewe, unasoma pati yako kama mtu anayefuatilia tamthilia ya redio. Februari 1893 akaigiza Hilda pale Trafalgar Square Theatre na wengi wanahesabu hiyo ndo kazi yake kubwa kuliko zote. Miezi michache baadaye akapanga msimu mzima wa Ibsen kwa michango, watu walilipa kabla, kama sisi tunavyochangia harusi, ukishachanga unakuja. Mwishoni mwa miaka hiyo akaanzisha na Archer kampuni yao, New Century Theatre, 1897, kwa lengo la kuonyesha michezo isiyojali mauzo. Ilidumu kidogo tu.

Sasa tuje kwenye madaftari.

Mwaka huo huo wa 1893, Aprili, kikundi cha Independent Theatre walionyesha mchezo mfupi unaitwa Alan's Wife pale Terry's Theatre. Mwandishi hakutajwa. Robins ndo aliyeigiza mhusika mkuu, Jean, mwanamke wa kijijini ambaye mume wake, mwanaume mwenye nguvu na uzuri, anakufa kazini kiwandani, halafu anajifungua mtoto mlemavu, dhaifu, na anaogopa atakayoishi huyo mtoto akibaki bila mama wa kumlinda, anambatiza kwa mkono wake halafu anamuua. Wahakiki wakabishana wiki kadhaa. Nani kaandika kitu kizito hivi? Wanaume watupu wakatajwa. Waandishi walikuwa ni Robins mwenyewe na rafiki yake Florence Bell, mke wa tajiri wa viwanda vya chuma, walichukua hadithi ya Kiswidi wakaigeuza mchezo. Yani alisimama pale steji anaigiza maneno yake mwenyewe na watu hawajui, na hakusema. Ilichukua miaka mingi sana mpaka ikajulikana hadharani.

Ila kitu cha kukaa nacho ni sehemu ya tatu ya huo mchezo. Jean yuko jela, kesho kunyongwa, wanakuja kumhoji, mama yake yupo, wanamwomba aseme kitu ili wamwombee msamaha. Kwenye skripti jina lake limeandikwa, mbele yake neno la kwamba yuko kimya, halafu yanafuata maneno kamili ambayo hayasemi. Kwa mfano mama anauliza jambo, na Jean, kimya, kwenye karatasi anajibu sentensi nzima ambayo hakuna mtu ukumbini anaisikia. Mwigizaji lazima aseme ile sentensi kwa shingo, kwa jicho, kwa mkono. Mimi nimewahi kuwapa wanafunzi hiyo sehemu, wa kwanza alidhani ni kosa la uchapaji, akaanza kuyasoma maneno kwa sauti. Nikamwambia funga mdomo halafu anza upya. Darasa zima likanyamaza. Hiyo haiandikwi na mtu anayekaa tu na wino, inaandikwa na mtu anayejua kabisa kwamba mwanamke anaweza kukaa kimya huku kichwani mwake kuna mazungumzo marefu kuliko ya hakimu. Ndomaana nikakwambia steji haikuachwa, ilihama.

Na jina la kiume je? Mwaka 1894 kikatoka kitabu George Mandeville's Husband, mwandishi C. E. Raimond. Umeliona? Jina lake la steji la ujana, limenyolewa Claire likabaki na herufi mbili, na kila mtu akadhani ni bwana fulani. Hapa kuna kichekesho kikubwa: kitabu chenyewe kinamkejeli mwanamke mwandishi anayejifanya mkubwa kwa kutumia jina la kiume! Wahakiki walikisoma wakasema haa, huyu bwana Raimond anawajua wanawake. Nikikisoma sikipendi kabisa, ni kikali kwa wanawake wenzake na baadaye yeye mwenyewe alibadilika mawazo mno, lakini kama mzaha wa mtu aliyejificha ni mzaha wa daraja la juu.

Sababu ya kujificha, kwa ninavyoona, zilikuwa mbili zimeshikana. Moja ni kazi. Mwigizaji anayeandika enzi zile, mabosi wangemwona hayuko makini au, mbaya zaidi, wangeona atawaandika wao. Ya pili ni mapokezi: alitaka kitabu kisomwe kama kitabu, sio kama umbea wa Hedda. Siri ikadumu mpaka 1898 alipotoa The Open Question, riwaya nene inayomchora bibi yake wa Zanesville na nyumba yake, na ndani yake kuna binamu wawili wanaopendana huku familia ina kifua kikuu, wanaamua watafanyaje kuhusu kuzaa na kufa. Kiliuzwa vizuri, magazeti yakachimba, yakamtaja. Basi kuanzia hapo akawa Elizabeth Robins kwenye majalada.

Kwahiyo ukiniuliza hela, jibu ni ndiyo, kwa sehemu. Ibsen alimpa heshima lakini hakumpa kodi ya nyumba, vitabu vikaanza kumpa. Lakini mwenye shida ya hela tu angekubali zile pati za kuzimia, zilikuwa zinalipa. Alikataa. Kuna watu mpaka leo wanaandika kwamba "aliacha akiwa kileleni", mimi huo usemi unanichosha, kilele gani wakati kila mchezo mzuri alioigiza ilibidi akope yeye, atafute ukumbi yeye, abembeleze wachangiaji yeye, na ukifanikiwa wafanyabiashara wanauchukua? Alikuwa juu kwenye mlima alioupandisha udongo kwa karai.

Halafu mwaka 1900 akafanya kitu ambacho wengi wasingekitarajia, akafunga safari peke yake mpaka Nome, Alaska, wakati ule wa watu kukimbilia dhahabu, kumtafuta yule mdogo wake Raymond ambaye alikuwa ameenda kuchimba na akageuka mhubiri huko. Mwigizaji wa London, miaka 37, kwenye mahema ya ufukweni na walevi na mbwa wa kuvuta sleji. Akampata. Akarudi na homa ya matumbo iliyomtesa muda mrefu, na madaftari yamejaa. Kutoka humo ikatoka The Magnetic North, 1904, riwaya ya wanaume wanaotembea kwenye barafu, na wasomaji wengi wakashangaa mwanamke kaandikaje vile. Kaandika vile kwasababu alienda, full stop.

Katikati hapo, 1902, akaigiza mara za mwisho. Alikuwa Lucrezia kwenye Paolo and Francesca kwa bosi George Alexander, na baadaye mwaka ule ule akawemo kwenye Eleanor, mchezo uliotokana na riwaya ya Mrs Humphry Ward. Ndo basi. Hakukuwa na sherehe ya kuaga wala nini.

Sasa, kama hadithi ingeishia hapo ningekubali ukiniambia aliacha. Lakini angalia tarehe 9 Aprili 1907, Court Theatre, London, dairekta ni Granville Barker, mchezo unaitwa Votes for Women!, yaani kura kwa wanawake, na safari hii jina lake limeandikwa wazi. Mwaka mmoja kabla hakuwa hata shabiki wa hao wanawake wa kudai kura. Alianza kwenda mikutano yao ya hadhara kusikiliza tu, anasimama kwenye umati na daftari, anaandika wanavyozungumza, na zaidi anaandika wanavyozomewa. Ile mizaha ya wanaume wa barabarani, "nenda nyumbani ukapike", majibu ya papo kwa papo ya wale akina mama. Akabadilika akiwa amesimama pale.

Tendo la pili la huo mchezo lote ni mkutano wa Trafalgar Square. Barker alijaza steji watu, kila mtu kwenye umati ana sauti yake na kazi yake, juu kwenye msingi wa mnara wa Nelson anapanda mwanamke wa kazi za mikono anaongea, anazomewa, anapanda binti mdogo mwenye mdomo mkali, anapanda mwanaume, mwisho anapanda Vida Levering, mwanamke wa tabaka la juu ambaye hajawahi kuhutubia, sauti inamgoma mwanzoni. Hata wahakiki waliochukia hoja walisema hawajawahi kuona umati wa namna hiyo steji. Na ndani ya siasa kuna kidonda: Vida zamani alikuwa na mbunge Geoffrey Stonor, akapata mimba, jamaa akaogopa baba yake atamnyima urithi, mimba ikatolewa. Sasa Stonor anataka kumwoa binti mbichi. Michezo yote ya mabosi wale ingemalizika kwa Vida kujiua au kusamehewa. Robins anamfanya Vida akatae hata kuolewa naye, anamwambia deni lako utalilipa bungeni, uwasemee wanawake. Yani ile pati ambayo alisubiri miaka yote ile aandikiwe na hakuandikiwa, aliiandika yeye, na alipoimaliza hakuichukua, akampa mwigizaji mwingine, Edith Wynne Matthison. Mimi hapo huwa nanyamaza kidogo.

Sehemu ya mapato akavigawia vyama vya kudai kura, mwaka huo huo akaugeuza mchezo kuwa riwaya, The Convert, akaingia kwenye kamati ya chama cha akina Pankhurst, mama na binti zake waliokuwa wanaongoza mapambano ya kura. Mwaka 1908 wanawake waandishi walipounda umoja wao wa kudai kura, umoja ulioanzishwa na akina Cicely Hamilton (naye huyu alikuwa mwigizaji aliyegeuka mwandishi, siku nyingine nitamwandikia), Robins ndo akawa rais wa kwanza. Hakufungwa jela, hakuvunja vioo, kazi yake ilikuwa kalamu na barua kwenye The Times. Mwaka 1912 Pankhurst walipowaondoa wenzao akina Pethick-Lawrence, mume na mke waliokuwa wanaongoza nao, na yeye akajitoa kimya kimya. Kura ikaja 1918 kwa wanawake wa miaka 30 na kuendelea wenye vigezo vya mali, 1928 wote wa miaka 21. Zote alizishuhudia.

Kitu kingine cha pembeni lakini nakipenda. Alinunua nyumba ya zamani ya shambani, Backsettown, kijiji cha Henfield, Sussex, na wanawake waliotoka jela wamechoka walikuwa wanaenda kupumzika pale. Huko akakutana na binti jirani, Octavia Wilberforce, wa ukoo wa yule Wilberforce aliyepigana na biashara ya watumwa. Octavia alitaka kusomea udaktari, baba yake akagoma kabisa, alitaka aolewe. Umeona mambo? Robins aliyelazimishwa udaktari akakimbilia steji, sasa anamshika mkono binti aliyenyimwa udaktari, akamsaidia mpaka akawa daktari kweli, na wakaishi na kufanya kazi pamoja mpaka mwisho. Mwaka 1927 Backsettown ikafanywa rasmi nyumba ya mapumziko ya wanawake waliochoshwa na kazi. Robins alifariki Brighton Mei 1952, miaka 89.

Nakuona unauliza, je, kujificha kuliisha? Hapana, na hili watu wengi hawalisemi. Mwaka 1924, ana miaka zaidi ya 60, jina lake linajulikana, hana bosi wa kumwogopa, alitoa Ancilla's Share, kitabu chake kikali kuliko vyote kuhusu wanaume wanavyowabania wanawake, na akakitoa bila jina. Kwahiyo usidhani kuficha ni uoga wa anayeanza tu. Wakati mwingine ni namna ya kuchagua mlango wa kuingilia.

Na kuhusu kurudi steji. Hakurudi kuigiza, lakini 1928, Ibsen anatimiza miaka 100 tangu azaliwe, walimwita atoe mhadhara, akaueleza Ibsen kwa jicho la mwigizaji wa kike, ukachapwa kijitabu na Hogarth Press, kampuni ya mwandishi Virginia Woolf na mume wake. Moja ya anayosema humo ni kwamba Ibsen alimwachia mwigizaji nafasi ya kumalizia, hakumwandikia kila kitu mpaka akabaki mwanasesere. Ni kijitabu kidogo, jioni moja unakimaliza. Ukitaka pa kuanzia anza na hicho, halafu tafuta Alan's Wife, nenda moja kwa moja sehemu ya tatu, chukua mtu mmoja wa kikundi chenu akusomee mama, wewe uwe Jean, na yale maneno yote uliyoandikiwa usiyaseme hata moja. Ukimaliza ndo ukainue godoro.